Kabla hamjanunua ile gereji iliyofungwa: namna ya kupata hela ya serikali ya Marekani ya kupima ardhi

Hii naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko kwenye miji midogo ya Marekani, Lewiston kule Maine, Burlington ya Vermont, Utica ya New York na mingine ya aina hiyo, miji ambayo zamani iliishi kwa viwanda, viwanda vikafa, watu wakahama, sisi tukaja tukakuta majengo matupu kila kona. Wakongo, Warundi, Wakenya, Wabantu wa Somalia waliopitia Dadaab na Kakuma, watu wamejipanga, wana makanisa, misikiti, vyama vya kusaidiana kwenye misiba, na sasa kila mkutano wa mwisho wa mwaka swali ni moja tu, lini tutapata jengo letu wenyewe. Mnaanza kuzunguka mkitafuta, na jengo la bei ya chini kuliko yote mjini unakuta ni gereji iliyofungwa, sheli ya zamani, au drai klina ambayo mwenyewe alishastaafu.

Sasa ile bei ina sababu. Chini ya lile jengo inawezekana kuna uchafu wa miaka hamsini, na hata kama haupo, watu wanahisi upo, benki inahisi upo, kwa hiyo hakuna anayetaka kuligusa. Na hapa kuna kitu ambacho lazima mkijue kabla ya kutoa hata dola moja ya advansi: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1980, ile inayoitwa Superfund, mwenye ardhi wa leo anaweza kudaiwa gharama za kusafisha hata kama uchafu uliachwa na mtu aliyekufa zamani. Yaani mnanunua jengo kwa michango ya waumini, mnapaka rangi, mnafungua, halafu deni la kusafisha ardhi linawafuata nyinyi.

Habari njema ni kwamba serikali hiyo hiyo ina hela ya kupima ardhi za namna hii, na sheria yenyewe inataja kabisa miji ambayo haiwezi kujitafutia hela kwa sababu ni midogo au wakazi wake ni wa kipato cha chini. Programu inaitwa EPA Brownfields. EPA ni shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, na hiyo programu ilianza miaka ya tisini, ikapewa sheria yake rasmi Januari 2002, ikarekebishwa 2018. Halafu sheria ya miundombinu ya 2021 ikaiongezea dola bilioni 1.5 za kutumika ndani ya miaka mitano, na hiyo miaka mitano ilipangwa kuishia 2026, kwa hiyo msikae mkisema tutaangalia mwakani.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ardhi inayoingia kwenye programu sio lazima iwe imeshathibitika kuwa chafu. Inatosha kuwa kuna uwezekano wa uchafu na huo uwezekano unazuia watu kuitumia au kuiendeleza. EPA wenyewe wanakadiria maeneo kama hayo yapo zaidi ya 450,000 nchi nzima. Ile gereji ya mtaani kwenu karibu hakika ni mojawapo.

Hii ndo sehemu inayowachanganya wengi. Mtu binafsi hawezi kuomba hii ruzuku. Biashara ya kutafuta faida pia hapana. Wanaoomba ni jiji, kaunti, jimbo, makabila ya wenyeji wa Marekani, mabaraza ya mipango ya mkoa, mamlaka za kuendeleza ardhi, na tangu marekebisho ya 2018 hata mashirika yasiyo ya faida yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani yaliyosamehewa kodi na serikali kuu. Kwa hiyo chama chenu kikiwa na hiyo hadhi kinaweza kuomba kisheria, lakini ushauri wangu wa dhati ni kwamba msianzie hapo. Maombi yenyewe ni kazi nzito, mnashindana na nchi nzima, na mkipata mnabebeshwa ripoti za kila robo mwaka na taratibu za manunuzi za serikali kuu. Njia fupi ni kuingiza kiwanja chenu kwenye ruzuku ambayo mtu mwingine ameshaipata.

Kwa sababu hela hizi zinatolewa kwa mafungu. Jiji au baraza la mkoa linapewa, tuseme, hadi dola 500,000 za kupima maeneo mbalimbali ndani ya eneo lake, na lina miaka kadhaa ya kuzitumia, na katika hizo linahitaji kupata viwanja vya kupima. Wengine hadi wanahangaika kuvipata. Kule Lewiston na Auburn baraza la mkoa linaloitwa AVCOG limekuwa na programu ya namna hii, Vermont kaunti ya Chittenden ambako ndiko Burlington ilipo, tume ya mipango ya mkoa inayo pia. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, fungua ramani ya EPA inayoitwa Cleanups in My Community, andika jina la mji wako, angalia nani alishapewa. Usipoona kitu tafuta jina la kaunti au baraza la mkoa pamoja na neno brownfields. Bado hamna? Piga simu idara ya mazingira ya jimbo, wao nao wanapata hela ya EPA kila mwaka kwa ajili ya kazi hii na kila jimbo lina mtu wake wa kuulizwa.

Ukishampata mwenye hela, uliza swali moja tu, je mnapokea mapendekezo ya viwanja? Wengi wana fomu fupi ya kupendekeza kiwanja, ukurasa mmoja au miwili, na hiyo fomu chama, kanisa, hata mwenye duka anaweza kuijaza. Hapo yule ambaye hawezi kuomba ruzuku anakuwa ameingia kwa mlango halali.

Fomu itakuuliza anuani, mwenye ardhi ni nani, nini kilikuwepo zamani, na mnataka kufanya nini pale. Hilo la mwisho ndo lenye uzito. Ukiandika tu tunataka kununua jengo, utaachwa. Andika kitakachokuwepo: ukumbi wa watu wangapi, darasa la watoto la baada ya shule, jiko la kupikia biashara, ofisi ya kusaidia watu na makaratasi, na mtaa huo una watu gani, wana shida gani. Hawa wenye ruzuku wanapimwa na EPA kwa viwanja vilivyorudi kwenye matumizi, sio kwa mashimo waliyochimba, kwa hiyo kiwanja chenye mnunuzi tayari na mpango unaoeleweka kinatangulia mbele ya foleni.

Na mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi watu waingie kupima. Hapa nendeni taratibu, maana wengine wanaogopa, na wana sababu, kwenye baadhi ya majimbo uchafu ukigunduliwa ni lazima uripotiwe kwa jimbo na mwenye ardhi anabaki nao hata kama nyinyi mmeghairi kununua. Msimfiche hilo. Mwambieni pia faida yake, kwamba anapata bure ripoti ambayo angeilipia mwenyewe, na kwamba jengo lisilopimwa litaendelea kukosa mnunuzi. Kama amekataa kata kata, basi hamna uchunguzi, na kwa maoni yangu hamna ununuzi pia.

Sasa kupima kwenyewe kukoje. Kuna hatua mbili na ofisini wataziita Phase I na Phase II, yashike hayo majina maana utayasikia kila siku.

Phase I haichimbi wala haichukui sampuli yoyote. Ni upelelezi wa makaratasi na macho. Mtaalamu wa mazingira anapekua rekodi za matanki, picha za angani za zamani, vibali vya ujenzi, anaongea na wamiliki wa zamani na majirani, anatembea kwenye jengo akiangalia madoa sakafuni, bomba zinazochomoza ardhini, mifereji inayoelekea kusikojulikana. Mwisho anaandika kama kuna dalili za uchafu au hakuna. Ukilipa mwenyewe ni dola elfu kadhaa, kwa hiyo hata ruzuku ikikosekana sio kitu cha kushindikana kwa kanisa la watu wengi.

Na hapo kuna kazi ambayo mnaweza kuifanya wenyewe kabla hata hamjajaza fomu, nawasihi muifanye maana inasaidia sana. Marekani kulikuwa na kampuni ya Sanborn ambayo kuanzia miaka ya 1860 ilichora ramani za miji kwa ajili ya bima ya moto, jengo kwa jengo, imeandikwa hapa gereji, hapa stoo ya rangi, hapa tanki la petroli. Walichora miji na vijiji kama 12,000. Nyingi ya zile za zamani ziko wazi kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bure, unaingia jina la mji unatafuta mtaa wako. Halafu nenda maktaba ya mji, omba vitabu vya zamani vya anuani za mji, vile vinavyoorodhesha kila mtaa na nani alikuwa na biashara gani nyumba namba fulani, pitia mwaka mmoja mmoja. Wakutubi wanapenda sana maswali ya namna hii, watakusaidia. Unaweza kugundua kwamba lile duka la fanicha mnalolitaka lilikuwa drai klina miaka ya sitini, na hakuna mtu mjini anayekumbuka. Pia waulizeni wazee Wamarekani wa mtaa huo, wale waliofanya kazi viwandani, wana kumbukumbu ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote.

Nasisitiza drai klina kwa sababu watu hawaiogopi, wanaona ni nguo safi tu. Ile kemikali yao, pakloroethilini (kwa Kiingereza perchloroethylene), ni nzito kuliko maji, ikimwagika inazama chini kabisa mpaka kwenye maji ya ardhini, halafu mvuke wake unapanda tena juu kupitia nyufa za sakafu unaingia ndani ya jengo, na sio lazima uusikie harufu. Wewe umeweka hapo darasa la watoto wa Jumapili. Sumu hii inahusishwa na saratani na ndo maana EPA Desemba 2024 ilipitisha kanuni ya kuiondoa taratibu kwenye biashara ya drai klina. Sheli za zamani nazo zina kemikali ya benzini, na zile za kabla ya 1996, mwaka ambao petroli yenye madini ya risasi ilikatazwa kabisa kwa magari ya barabarani, zinaweza kuwa na risasi kwenye udongo. Gereji zina oili, viyeyusho, betri. Viwanda vya nguo vilitumia rangi na kemikali zake. Na karibu kila jengo la zamani lina asbesto au rangi ya risasi, hiyo msishangae.

Phase I ikionyesha dalili, ndo inakuja Phase II, hapo wanatoboa ardhi, wanachukua udongo, maji, na hewa ya chini ya sakafu, vinapelekwa maabara. Hii ni ghali, inafika makumi ya maelfu ya dola kwa urahisi, na hii ndo sababu hasa ya kuitafuta hela ya serikali. Kabla ya kutoboa, mpango wa namna ya kuchukua sampuli lazima upitishwe na EPA, kwa hiyo kuna kusubiri. Muda mrefu. Mkataba wenu na mwenye jengo uandikwe ukijua hilo, weka kipengele kwamba ununuzi unategemea matokeo ya vipimo na kwamba advansi inarudi yakiwa mabaya, na huo mkataba usomwe na mwanasheria, sio na binamu anayejua Kiingereza.

Je kama mji wenu hauna ruzuku yoyote? Njia ya kwanza ni ile wanayoiita Targeted Brownfields Assessment. Hapa hela haipiti mkononi mwa mji, EPA wenyewe au jimbo wanatuma mkandarasi wao anapima kiwanja kimoja, bure, mji haupeleki ripoti za matumizi wala hauajiri mtu. Kwa mji mdogo wenye afisa mipango mmoja ambaye ndiye huyo huyo wa vibali na ndiye wa mafuriko, hii ni nafuu kubwa sana. Shirika lisilo la faida pia linaweza kuomba. Mnawasiliana na ofisi ya EPA ya kanda yenu, ziko kanda kumi nchi nzima, mnaulizia mtu wa brownfields.

Njia ya pili ni kuusukuma mji uombe ruzuku yenyewe, na hapa vyama vyetu vina nguvu kuliko vinavyojua. Kwenye maombi mji unatakiwa ueleze jamii inayoumia, afya yake, kipato chake, na uorodheshe washirika wa mradi na kila mmoja atafanya nini. Nendeni kwa afisa mipango au mtu wa maendeleo ya uchumi mkiwa na jambo la kumpa: sisi tutaitisha mikutano, tutatafsiri, tutawapeleka kwa wenye maduka, tuwekeni kwenye orodha ya washirika. Sio kusema tu tunaunga mkono. Na muombe mikutano iwe na mkalimani wa Kiswahili, gharama za kushirikisha jamii zinaruhusiwa ndani ya ruzuku hii, sio hisani.

Afisa akisema hatuna mtu wa kuandika maombi, mwambie kuna msaada wa bure unaolipiwa na EPA, wanaitwa TAB, ni vyuo na mashirika yaliyopewa kazi ya kusaidia miji. New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki kama Maine na Vermont, ni University of Connecticut, majimbo mengi ya katikati ni Kansas State University ambao wametengeneza pia programu ya bure ya intaneti inayoitwa TAB EZ ya kusaidia kuandika maombi. Ruzuku ya kupima haidai mji uchangie hela yake, hilo nalo mwambie maana mameya wengi wanaogopa neno kuchangia. Ila wajisajili mapema SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba ruzuku, ni bure na inaweza kuchukua wiki nyingi, na anayewatumia barua pepe akidai malipo ya usajili huo sio serikali. Kwa kawaida tangazo linatoka kuelekea mwisho wa mwaka, waliochaguliwa wanatangazwa machipuko ya mwaka unaofuata, tarehe kamili mziangalie kwenye tangazo la mwaka husika. Maelezo yenyewe yana kikomo cha kurasa kumi tu, kwa hiyo hadithi ya mtaa wenu iwe na anuani na majina ya viwanja, sio maneno ya jumla.

Neno kwa wanaolima. Najua akina mama wengi wanatafuta kiwanja kitupu mjini wapande mchicha, matembele, mahindi ya kuchoma. Viwanja vitupu mara nyingi ni pale nyumba ya zamani ilipobomolewa, na rangi yake ya risasi ikabaki kwenye udongo. Mwaka 2024 EPA ilishusha kiwango cha kuanzia kuchunguza risasi kwenye udongo wa makazi kutoka sehemu 400 hadi sehemu 200 kwa kila sehemu milioni za udongo, maana watoto wanadhurika na kiasi kidogo sana. Kipimo cha udongo cha risasi kwenye maabara ya chuo cha jimbo ni bei ndogo, na kiwanja cha bustani ya jamii nacho kinaweza kupendekezwa kwenye ruzuku ya mji. Wakati mnasubiri majibu pandeni kwenye masanduku yaliyoinuliwa yenye udongo mpya, chini mtandike kitambaa cha kutenganisha, na viatu vya shambani visiingie ndani.

Matokeo yakirudi, msiogope neno uchafu. Mara nyingi unakuta ni tanki moja la kung'oa, au sakafu inawekewa bomba na feni ya kutoa mvuke nje, mambo yenye bei inayojulikana, na bei ikijulikana mnaweza kuipunguza kwenye bei ya jengo. Ruzuku ya kupima inalipia pia kupanga namna ya kusafisha na namna ya kutumia eneo, ila kusafisha kwenyewe hailipii, kwa hilo kuna ruzuku nyingine ya EPA na anayeiomba lazima awe ndiye mwenye ardhi. Kwa hiyo mtakaa na mji kuamua nani anunue kwanza. Kama mji uko tayari kununua, kusafisha, halafu kuwauzia, mimi ningechukua njia hiyo bila kusita.

Kama mnanunua nyinyi, kuna kinga ya mnunuzi aliyejua na akafanya uchunguzi wake kwanza. Ili muipate ni lazima Phase I ifanyike kabla ya kununua, sio baada, hata siku moja baada haisaidii. Na baada ya kununua mnatakiwa kuchukua hatua za busara, uchafu usisambae, mshirikiane na wakaguzi, msivunje masharti yaliyowekwa kwenye ardhi. Hakikisheni chama chenu kimetajwa kwa jina kwenye ripoti kama mtumiaji wake, maana kuna maswali ambayo mnunuzi mwenyewe anatakiwa ayajibu na ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya mji peke yake inaweza isiwatoshe. Ripoti pia ina umri. Vipande vyake muhimu, kama mahojiano, ukaguzi wa eneo na upekuzi wa rekodi za serikali, lazima viwe vimefanyika ndani ya siku 180 kabla ya kununua, na ripoti nzima haitakiwi kuzidi mwaka. Mkopo wa benki ukichelewa ukapita hapo, rudini kwa mji mkaombe ripoti ihuishwe kabla hamjasaini hati.